Nyekundu Si Damu

Daktari wetu wa mtaa wa Nyakuron, Juba, hakuwa mtu wa kusalimia kwa mkono. Alisalimia kwa kidole gumba. Alikiweka chini ya jicho lako, akavuta kope la chini, akatazama ndani kwa makini, ndipo akauliza habari za nyumbani. Alifanya hivyo hata kanisani, wakati wa kupeana amani. Alimfanyia bibi harusi mmoja mbele ya mpiga picha, na picha hiyo ipo mpaka leo sebuleni kwa watu: bibi harusi amekodoa jicho moja, Daktari ameinama kama anayetafuta kifungo kilichodondoka. Alikuwa anatafuta wekundu. Akiuona, alikuachia uende zako. Asipouona, ulikuwa huna tena mipango mingine siku hiyo.

Kwa hiyo mwaka huu, mvua zilipoanza, tukaona yeye mwenyewe anapauka, tulishindwa tufanyeje. Viganja vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya unga wa muhogo. Alitoka gengeni mpaka kliniki kwa kupumzika njiani. Na kope lake hakuruhusu mtu yeyote aliguse. Aliyejaribu alichapwa kofi la mkononi, na hilo nalijua kwa hakika kwa sababu mkono ulikuwa wangu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Duka langu na kliniki yake vinatumia ukuta mmoja, na wagonjwa wake husubiri kwenye benchi langu, maana lake lilivunjika na hakuona sababu ya kulitengeneza wakati langu lipo. Kwa cheti alikuwa ofisa tabibu, ila mjini Juba, yeyote mwenye kifaa cha kusikiliza moyo shingoni ni daktari, na yeye kifaa hicho alilala nacho. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui, wala sitajifanya najua. Najua alisomea kazi Uganda enzi za ukimbizini, kwa sababu Kiswahili chake ni cha huko, kile kisicho na habari na ngeli. Mimi nilikulia Eldoret, na mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha.

"Fundi," akaniambia siku moja, akiwa ameshanivuta kope, "wewe iko na sarufi mingi, damu kidogo."

Akanipa vidonge vya chuma. Vikanifunga tumbo, nikaviacha kimyakimya.

Kulikuwa na neno moja ambalo hakulivumilia, nalo ni kalas. Kwa Kiarabu cha Juba maana yake ni basi, imekwisha, na wagonjwa wengi waliingia nalo mlangoni. "Daktari, damu kalas." Wengine walishaambiwa hivyo kwingine na kupewa chupa ya dawa tamu ya kuongeza damu, wakaimaliza, wakarudi walivyokuwa.

"Kalas namna gani?" angeuliza. "Kama iko kalas, nani anaongea na mimi hapa?"

Halafu angewapeleka nje, mgonjwa na jamaa zake wote, awaonyeshe tangi la maji juu ya mnara wa vyuma nyuma ya kliniki. Hotuba hiyo niliisikia mpaka naweza kuitoa nikiwa nashona. Tangi likiwa tupu, ama lori la maji halikuja, ama bomba linavuja, ama kuna mtu anayatoboa mapipa kabla hayajafika. Kuongeza maji bila kuuliza ni kazi bure. Na damu ni hivyo hivyo. Ama mwili hautengenezi, kwa sababu haupati vya kutengenezea. Ama inavuja mahali. Ama inavunjwa ikiwa bado changa. "Damu hapana kwisha," alimalizia. "Damu inakwenda. Sasa wewe sema, imekwenda wapi?" Wagonjwa walilitazama tangi, wakamtazama yeye, wakasema hawajui. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, na aliionea raha waziwazi.

Aliwahi kuja mkulima wa mboga kutoka Nesitu, jitu la miraba minne lililokuwa likihema kama limepanda mlima. Alisema anakula nyama kila siku, madereva wa malori wanaopita kwao hawakosi kuchoma, kwa hiyo damu haiwezi kuwa shida. Daktari hakubishana. Alimtazama miguu, ambayo haikuwahi kuona kiatu shambani, akamtuma alete choo kidogo kwenye kikopo. Kwenye darubini yakaonekana mayai ya minyoo, ile safura inayoingia kwa nyayo na kunyonya tumboni.

"Nyama iko unakula wewe," Daktari akamweleza, "damu iko wanakunywa wao."

Akampa dawa ya minyoo, vidonge vya chuma vya miezi, na amri ya kununua buti za mpira. Yule bwana alirudi baadaye amenawiri, na buti zake amezivaa, ila alikuwa amezitoboa vidoleni ili zipitishe hewa. Daktari alizitazama kwa muda mrefu, akaandika dawa ya minyoo tena.

Watoto wengi aliowaona damu yao ilivunjwa na malaria, na kwa hao hakuwa na hotuba, alitoboa kidole, akapima, akatibu haraka, na aliowaona wamepauka sana wanahema aliwapakia kwenye boda boda pamoja na mama zao, wakimbizwe hospitali kuu. Lakini kulikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye malaria ilitibiwa na weupe ukabaki. Macho yake yalikuwa ya njano kidogo, na usiku alilia mifupa. Alikuwa amenyweshwa chuma tangu aanze kutambaa. Bibi yake wa upande wa baba alikuwa na maelezo tayari, kwamba mkwe ameleta damu mbaya kwenye ukoo, na kwamba ng'ombe wa mahari wameliwa bure.

Daktari alitandaza tone la damu kwenye kioo, akamwita baba achungulie. Chembe za damu zilizotakiwa kuwa za duara, nyingine zilikuwa zimejipinda kama mundu. Akatuma sampuli kwenye maabara kubwa, majibu yakarudi: selimundu. Akasimamisha vidonge vya chuma hapo hapo, kwa kuwa mtoto huyo chuma hakikumpungukia, damu ndiyo ilivunjika njiani. Akampa foliki asidi, dawa ya kumkinga na malaria, akamwandikia kliniki ya hospitali awe anafuatiliwa, na akamwambia mama amnyweshe maji mengi, asipigwe na baridi, akipata homa asingoje asubuhi. Kisha akamgeukia bibi.

"Mama, hii kitu mtoto anapokea kwa wawili. Moja kwa baba, moja kwa mama. Mtu moja hapana weza."

Bibi akasema kwao hakuna ugonjwa kama huo. Daktari akamvuta kope.

Alikuwa na kosa lake pia, na hakulificha. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama, maziwa wala mayai, alipauka, na Daktari akampa chuma. Akampa tena. Mwalimu alilalamika kwamba miguu inakufa ganzi, anatembea kama anakanyaga pamba, Daktari akasema ni uzee. Mwishowe alirudia kioo na darubini, akaona chembe za damu si ndogo kama za mtu aliyekosa chuma, bali kubwa kupita kiasi. Kilichokosekana ni vitamini ile inayotoka kwa wanyama, B12. Sindano zilirudisha damu upesi. Ganzi haikuondoka yote. Tangu hapo mwalimu alitembea na fimbo, na kila alipopita Daktari alisimama mlangoni mpaka apotee kwenye kona. "Mimi nilisema uzee," aliniambia. "Uzee hapana kunywa damu ya mtu. Mtu akiniambia uzee tena, mimi nafukuza yeye." Alisema hivyo kwa uchungu, na mimi nililiweka neno hilo moyoni.

Wanawake ndio waliomshinda. Angeuliza damu inakwenda wapi, wao wangetazama dari. Hakuna mwanamke wa Juba atakayemwambia mzee wa umri wa baba yake hedhi yake inachukua siku ngapi. Basi akaanza kuwatuma kwangu, mwanamke mwenzao. "Enda kwa Fundi, akupime gauni." Wengine hawakuwa na kitambaa wala nia ya gauni. Nilizungusha futi kiunoni, nikauliza, nao wakanijibu, kwa sababu mtu aliyezungushiwa futi husimama wima na kusema kweli, sijui kwa nini. Ndivyo nilivyojua nani analowesha vitambaa mpaka vya akiba, nani ana uvimbe kwenye kizazi, nani ni mjamzito na anatafuna udongo wa soko la Konyo Konyo, ule mweupe wa kuuzwa kwa mafungu, bila kujua kwamba hamu hiyo mara nyingi ni mwili unaolilia chuma. Nilipeleka majibu ukutani kwa kupaza sauti kidogo, na Daktari alisikia upande wa pili. Siri za kitabibu za Nyakuron zilipita kwenye bati la ukuta ule. Lakini wanawake walipona, na wachache walishona gauni kweli.

Mbele ya milango yetu miwili alikaa Mama Karkade, na yeye ndiye aliyekuwa msalaba wa Daktari. Aliuza karkade baridi, kile kinywaji cha maua makavu, nyekundu kama ilivyo, na kando ya ndoo alisimamisha ubao alioandika kwa chaki, kwa lugha tatu na zote kwa makosa, kwamba inaongeza damu. Wagonjwa waliotoka kwa Daktari na karatasi ya dawa walipita kwake kwanza.

"Nyekundu si damu," Daktari alimwambia, karibu kila asubuhi.

"Ni chachu, ya Daktor. Wewe mwenyewe unaambia watu wakamulie ndimu kwa maharage na mboga, chachu inasaidia chuma kuingia. Ama ni uongo?" angejibu; ya hiyo ni ee kwa Kiarabu cha Juba.

"Ndimu iko sawa. Ndimu hapana na ubao."

Mama Karkade akiwa hayupo, Daktari angechukua chaki na kuongeza neno si mbele ya inaongeza. Mama Karkade angerudi, afute, aandike upya kwa herufi kubwa zaidi. Nilikuwa nikiwaona wote wawili kutoka kwenye cherehani yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maoni.

Watu wa aina yake huwa na sheria za wengine na sheria zao. Daktari aliwakataza wagonjwa wasinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai inakamata chuma kabla hakijaingia mwilini. Yeye alikula maharage yake kila mchana na birika la shai, chai nyeusi ile ile, mkononi. Aliwakataza kumeza dawa kali za maumivu tumbo likiwa tupu, kwamba zinachimba vidonda. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, na dawa hizo alizitafuna asubuhi kabla ya kitu chochote, kama njugu. Nilipomwambia, alijibu, "Mimi iko najua kile nafanya." Nikarudi kwenye cherehani. Alikuwa mkubwa kwangu, na alikuwa ndiye mwenye cheti.

Basi mvua zikaanza, naye akapauka. Aliacha kuvuta kope za watu, pengine kwa kuogopa zamu yake. Aliacha hata kuandika si kwenye ubao, na hilo lilimtia Mama Karkade wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Alikuja dukani kwangu akasema, "Leo siku ngapi ubao uko safi. Huyu mtu anakufa." Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini nilikuwa ninafikiri hivyo hivyo, na niliogopa.

Kilichomleta mwishowe ni suruali. Aliingia alasiri moja, akaomba nimpunguzie kiuno. Nilikuwa nimeshakipunguza wakati wa kiangazi. Alikaa kwenye benchi kwanza apate pumzi, ingawa alitoka mlango wa pili tu mpaka wa kwangu, kisha akasimama, nikazungusha futi. Alisimama wima. Nikaishika futi pale pale, sikuilegeza.

"Daktari," nikasema, "inakwenda wapi?"

"Nini?"

"Damu."

"Uzee, Fundi."

"Uzee haunywi damu ya mtu. Ni wewe umesema. Ukasema ukiambiwa hivyo unafukuza mtu."

Alitazama ukutani, mahali palipotundikwa sare za shule. Nilifikiri angenipiga mkono tena. Kwa upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mtu wa kusikia, na pengine hilo ndilo lililomsaidia.

"Choo iko nyeusi," akasema. "Kama lami. Tangu mbele ya mvua."

"Na umenyamaza."

"Mzee kama mimi, damu inavuja kwa tumbo, mimi najua inaweza kuwa nini. Nimeambia watu wengine hiyo kitu." Akavuta pumzi. "Kama hapana uliza, hapana jibu."

Nilimhurumia, na nilimkasirikia kiasi kwamba niliendelea kushika futi kama kamba ya mbuzi. Ndipo Mama Karkade akaingia. Sijui alisimama mlangoni tangu lini. "Boda iko nje, ya Daktor," alisema. "Nimeshalipa, hairudishwi."

Hospitalini alivutwa kope na daktari kijana aliyeomba radhi kwanza. Kipimo kilionyesha damu ndogo mno kiasi cha kutowaruhusu kusubiri, wakasema aongezewe, na kwa kuwa benki ya damu haikuwa na ya kutosha, jamaa zake watoe. Jamaa hakuwa nao Juba. Tulikuwepo sisi. Mimi nilitangulia kunyoosha mkono, wakatoboa kidole, wakatazama mashine, wakaniambia nikae pembeni, yangu yenyewe haitoshi. Mama Karkade akafuata. Yake ilikuwa nyingi, na safi, na ya kundi linalofaa. Muuguzi aliitaja namba kwa sauti ya kustaajabu, na Mama Karkade akamwomba airudie, taratibu, kwa faida yangu.

Nilipoingia wodini mfuko ulikuwa umetundikwa, unadondoka. Daktari aliutazama kama anayekagua kazi ya mtu mwingine.

"Ya nani?"

"Ya Mama Karkade."

Akahesabu matone mawili matatu. "Na wewe?"

"Nimekataliwa."

Akageuza kichwa kwenye mto akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Yako imekwenda wapi, Fundi?"

Sikuwa na futi ya kushika wala fundi mwingine wa kutumwa kwake, nikamwambia. Nilimweleza siku ngapi kila mwezi, na vitambaa, na vidonge nilivyoviacha, nikiwa nimeangalia chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimwone mama daktari wa wanawake jengo la pili, leo, si kesho, na vidonge nivirudie kwa kumeza kimoja siku moja, nyingine nipumzike, tumbo litavumilia. Kisha akafumba macho kidogo.

"Yule mama," akauliza, "anakunywa karkade yake?"

"Kila siku."

"Usimwambie mtu."

Walimpitishia kamera mdomoni mpaka tumboni. Siku ile ya kungoja majibu sikushona chochote cha maana, niliharibu kola mbili. Haikuwa saratani, ile kitu aliyoiogopa. Kilikuwa kidonda, kile kile alichowaonya wengine, kilichochimbwa na dawa za goti. Wakampa dawa za kutuliza asidi, na za kuua kidudu kilichokuwa kinakisaidia kidonda, na chuma cha miezi mingi, na wakamkataza zile njugu zake. Nilitegemea afurahi. Alikuwa na aibu tu, aibu nzito, na aliibeba siku nyingi.

Alirudi Nyakuron mvua zinakatika, amevaa suruali niliyoipunguza, tayari inaanza kumbana. Mama Karkade alikuwa amejiandaa. Ubao wake ulikuwa mpya, na chini ya yale maneno ya siku zote ya kuongeza damu alikuwa ameongeza mstari mwingine, kwa lugha zile zile tatu: muulize Daktari.

Daktari alisimama mbele ya ubao akausoma wote. Chaki ilikuwa pale pale pembeni. Mimi niliacha cherehani nikatoka mlangoni. Yeye hakuigusa chaki. Alivuta kigoda, akakaa, akaagiza glasi moja, halafu akainamisha uso, akaweka kidole gumba chake chini ya jicho lake mwenyewe, akavuta.

"Angalia," akamwambia Mama Karkade.

Mama Karkade aliweka kata chini, akafuta mikono kwenye kanga, akainama akatazama, kwa muda, kwa makini, jicho moja na kisha la pili.

"Nyekundu," akasema.

Nikangoja Daktari aseme si damu. Alipokea glasi yake, akaonja, akaomba aongezewe sukari.